Paa Jeusi Lililoonekana kutoka Angani

Jamani, joto gani lile! Mchana ule, cherehani ya Mama Vifungo ilikuwa ya moto kama pasi. Pembeni, Bibi, mama mkwe wake, alikuwa anafunga begi.

"Mama, kweli unatuacha?"

"Nikae niokwe? Jana nimeanguka kwa kizunguzungu. Naenda kwa mdogo wake mumeo, kwake kuna ubaridi."

Mama Vifungo roho ikamuuma. Nani atamshonea vifungo? Nani atapiga naye soga?

Mara akaingia jirani, mchora ramani wa manispaa, kufuata suruali yake. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya rangi rangi.

"Nini hiyo?" akauliza Mama Vifungo.

"Ramani ya joto la mji. Setilaiti inapita juu huko angani, inapima joto la ardhi na mapaa. Palipo pekundu pana joto kali."

Bibi akadakia, "Ina maana inaniona nikioga?"

"Hapana, Bibi! Hata nyumba moja moja haizitofautishi. Inaona mtaa."

"Wetu uko wapi?"

Jirani akagusa mstari mwekundu kama pilipili.

"He! Na mtaa wa nyuma mbona wa njano? Jua si ndilo hili hili?"

"Hata mimi nashangaa. Wenzetu wana nini?"

Mama Vifungo hakungoja. Akapanda ngazi, akachungulia. Mtaa wa nyuma, mabati meupe na miti. Mtaa wao, mapaa meusi tititi. Lami! Mwaka jana paa lake lilivuja, akalipaka lami. Lilipoacha kuvuja, akawatangazia majirani, na mtaa mzima ukamuiga.

"Mungu wangu, kumbe ni mimi!"

"Kitu cheusi kinanyonya joto la jua, cheupe kinalirudisha," jirani akasema. "Pakeni rangi nyeupe ya mapaa juu ya hiyo lami. Halafu pandeni miti ya kivuli."

"Mama, nipe wiki moja tu."

"Nimekupa. Ila begi silifungui."

Mume akapaka paa rangi nyeupe, ikamrukia mpaka kichwani. "Umezeeka ghafla!" Bibi akamcheka. Siku mbili baadaye, mchana, Bibi akaita, "Kopo la vifungo liko wapi?" Majirani wakaja kushangaa ule ubaridi, nao wakapaka.

Msimu wa joto uliofuata, jirani alileta ramani mpya. Mstari ule ulikuwa wa njano.

Na begi la Bibi? Siku hizi linawekewa vitambaa.