Stamili na Orodha ya Salfa

Stamili alikuwa akichochea moto wa chai mumewe, Majaliwa, aliporudi kutoka shambani. Mkononi alishika kitawi cha mkorosho chenye vichipukizi.

"Mama Hamida, tazama. Maua yanatoka. Salfa iko wapi?"

"Inasubiri orodha, Baba Hamida."

"Na orodha?"

"Inasubiri kompyuta."

"Basi mwaka huu tutavuna kompyuta," alisema Majaliwa. Alicheka kidogo tu. Mwaka uliopita ugonjwa wa ubwiriunga ulifunika maua yao, yakawa meupe, yakakauka. Walipata nusu gunia la korosho, shamba zima.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, mwaka 1995. Biashara ilikuwa huria sasa. Salfa, dawa ya ugonjwa huo, ililetwa Masasi na mfanyabiashara binafsi, naye alitaka orodha iliyochapwa ya wakulima wote, kutoka Lupaso hadi Nanganga. Asipoipata Ijumaa asubuhi, lori lake lingepeleka salfa Newala kwanza. Maua hayangesubiri lirudi.

Stamili alikuwa karani wa chama cha wakulima. Majina elfu moja na mia sita alikuwa ameshayaingiza kwenye kompyuta. Programu ya kuyapanga yawe waraka mmoja aliiandika mwenyewe. Lakini dizeli ya jenereta ilitosha saa tatu tu kwa siku. Siku mbili mfululizo umeme ulizimika waraka haujaisha.

"Mashine imechoka na joto," alisema mwenyekiti, Mzee Abdulrazaki. "Ipumzisheni."

Stamili hakuridhika. Alikwenda kumwomba msaada Agatha, mwalimu wa kompyuta kutoka Lukuledi, aliyekuwa mjini siku hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe ulivyoandika."

Ofisini kwa chama, jenereta ikiwa imewashwa, Agatha alisoma programu polepole. Kisha akauliza, "Ukiokota korosho moja shambani, unafanyaje?"

"Naitia kikapuni."

"Huendi nayo mbio nyumbani? Ukamwaga gunia lote, ukahamishia korosho zote kwenye gunia jipya pamoja na hiyo moja, ndipo ukarudi kuokota ya pili?"

Stamili aliangua kicheko. "Mwendawazimu gani huyo?"

"Programu yako. Kila jina jipya likija, inanakili waraka wote upya kwenye disketi. Waraka ukirefuka, kazi nayo inazidi."

"Mungu wangu! Na mimi ndiye niliyeifundisha."

"Haina ubaya wowote, ni tiifu tu. Lakini usiniamini hivihivi. Tupime."

Walianza na majina mia moja. Stamili alitazama saa yake. Dakika moja.

"Mia mbili?" aliuliza Agatha.

"Dakika mbili," Stamili alibashiri.

Zilikuwa nne. Majina mia nne yalichukua dakika kumi na sita. Stamili alishika kichwa.

"Kumbe! Majina yakiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne! Yote yangetaka zaidi ya saa nne. Ndiyo maana dizeli inaisha."

"Umeona mwenyewe. Sasa yakusanye kwanza ndani ya kumbukumbu ya mashine. Hicho ndicho kikapu chako. Yakitimia, yaandike kwenye disketi mara moja."

Stamili alibadilisha mistari michache. Wakapima tena. Majina mia moja, sekunde tatu. Mia nne, sekunde kumi na mbili.

"Majina mara nne, muda mara nne tu," alisema taratibu, kama mtu anayeonja chakula kipya.

Aliagiza majina yote. Dakika moja haikutimia, waraka ukawa tayari. Printa ikaanza kupiga kelele, karatasi ikishuka hadi sakafuni. Mzee Abdulrazaki aliingia mbio.

"Mmeleta mashine mpya?"

"Ni ileile, mzee," alijibu Agatha. "Karani wako ndiye aliyepata njia nyingine. Mshikeni vizuri huyu."

Ijumaa asubuhi mfanyabiashara alipokea orodha, na lori likashusha salfa Masasi. Jumamosi alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, Majaliwa aliipulizia salfa mikorosho yake yote.

Mwezi wa saba nyuki walijaa shambani. Maua yalikuwa safi, yenye rangi ya waridi. Kila jirani aliyepita, Majaliwa alimvuta mkono hadi kwenye mkorosho wa kwanza.

"Tazama vizuri," alimwambia. "Maua haya yamechapwa na mke wangu."