Kitabu Kilichotoka Matangani

Nilikuwa natoka kusaga mahindi posho mill ya hapa Khwisero, unga bado una joto kichwani, giza linaanza kuingia. Nikamkuta mume wangu Jairus ameketi mlangoni, kitabu mapajani, anajikuna sikio. Nikatua unga. Nikamtazama vizuri.

Sikio lilikuwa limekunjika.

Halikuvimba wala halikuumwa na mdudu. Ncha ya juu ilikuwa imelala chini, bapa kabisa, na mkunjo umenyooka kama wa shati lililopigwa pasi. Nikajaribu kulinyoosha kwa kidole, likarudi palepale.

"Umelalia nini, Baba Mitchel?"

"Sijalalia kitu. Nilikuwa nasoma tu."

Kisha akafanya ile tabia yake ninayoichukia. Akakunja pembe ya ukurasa aliofikia, akafunga kitabu. Papo hapo akarusha mkono kwenye sikio la pili.

"Wuui!"

Mimi na Jairus tuligombania vitabu kuliko kitu kingine chochote. Mimi kitabu nakivalisha karatasi ya kalenda kuukuu, nanawa mikono kabla ya kukishika, na anayetaka kuazima ataningoja mpaka kiama. Jirani yetu Awinja ana Biblia moja ndani ya nailoni, haijafunguliwa tangu harusi yake, ila huiweka chini ya mto watoto wakiugua. Jairus alikuwa wa kula navyo. Mchuzi humo, chai humo, biro inapiga mstari kila mahali palipompendeza, halafu anakilaza kifudifudi kwenye mkono wa kiti mpaka gundi ilie. Nikimsema, ananicheka. "Wewe unawekanga vitabu. Mimi navisoma."

Marehemu Mwalimu Osundwa alituzidi sote. Alikuwa mstaafu, mzee mkavu, vitabu vyake vinalala kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarubaini. Ukitaka kukiona kimoja, alikuletea beseni na sabuni, akakusimamia unawe hadi viwiko. Kuazima, hapana. Watu walimcheka, lakini chinichini walisema baba yake alikuwa mtu wa madawa, na kwamba sanduku lile lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa la vitabu. Mimi niliona ni umbeya.

Huku kwetu, mtu akifa, vitu vyake havitoki bomani mpaka wazee waketi siku ya kunyoa nywele na kuvigawa. Koti kwa huyu, jembe kwa yule, kiti kwa mwingine. Hata kijiko hakitoki. Jairus alijua, kila mtoto wa hapa anajua. Lakini kwenye matanga ya Mwalimu alichoka kuota moto, akaingia ndani, akakuta sanduku liko wazi. Akarudi nyumbani na kitabu kimoja chini ya koti.

"Si nguo," aliniambia. "Nani atagawa vitabu?"

Ndicho hicho alichokuwa nacho mapajani. Nikamnyang'anya, nikakifungua kwenye mwanga wa taa. Pembe mbili zilikuwa zimekunjwa. Kurasa za mwanzo zimejaa mistari ya biro ya buluu. Na kwenye ukurasa mmoja, duara la kahawia, pale alipoweka kikombe cha chai.

Sijui ni nini kilinituma. Nikamwambia, "Vua shati."

Duara lilikuwa kifuani. Kahawia, limekauka kingoni. Na kwenye mbavu, mistari ya buluu, myembamba, imenyooka... Nilisugua kwa kitambaa na sabuni. Haikutoka.

"Usikiguse tena," nikamwambia. "Naomba. Usikiguse."

Jairus alikuwa mbishi, jamani. Hofu ikimshika, ubishi unaongezeka. Akakichukua, akakilaza kifudifudi kwenye mkono wa kiti, makusudi, akakandamiza kwa kiganja ili nione kwamba hakuna kitu.

Kwaaa.

Ule mlio haukutoka kwenye kitabu.

Tangu jioni hiyo hakusimama tena. Zahanati walitutuma tukapige picha ya mgongo, picha ikarudi safi, tukapewa dawa za maumivu. Nilimlisha obusuma, ugali wetu, kwa mkono wangu, nikamgeuza kitandani asioze. Mtoto wetu Mitchel yuko shule ya bweni, nikamficha habari. Nilitaka kitu kimoja tu hapa duniani, mume wangu asimame. Siku moja nilijaribu kuinyoosha pembe ya ukurasa mwenyewe, polepole, mikono nimenawa. Karatasi ikaanza kuchanika kwenye mkunjo. Chumbani Jairus akapiga yowe. Nilipomfikia, damu ilikuwa inachuruzika shingoni kutoka juu ya sikio.

Nikakifunga kitabu ndani ya leso, nikampelekea mjane wa Mwalimu, Maximilla.

Alinipokea uani. Alipoona umbo la kile kitu ndani ya leso, akaficha mikono yake mgongoni.

"Rudi nayo, Mama Mitchel."

"Mama Mwalimu, tulikosea. Nisaidie. Ni yako hii."

"Si yangu. Kugawa iliisha, wazee wakaenda. Kitu haikugawanywa haina mwenyewe hapa."

"Sasa ni ya nani?"

"Ya yule yule."

Nikanong'ona, "Niichome?"

Macho yake yalijaa machozi, na nafikiri alikuwa ananihurumia kweli.

"Utakuwa unachoma nani?" aliniuliza.

Nikarudi nacho. Nikakiweka juu ya kabati, nikakifunika kwa kitambaa safi, nikawa nakipangusa vumbi. Ungefanya nini wewe?

Halafu ikaja jioni moja, mvua imetoka kunyesha, nimewasha taa muda si mrefu. Nikasikia hodi. Sauti ya chini, ya mtu mzima mwenye adabu zake. Nikafungua. Alisimama nje ya mwanga, kofia imeshuka usoni, nguo zinanuka udongo mbichi. Nilidhani ni mvua.

"Nimekuja kuchukua kitabu."

"Mama Mwalimu amekutuma?"

Alitikisa kichwa kidogo. Ningeapa kwamba ni kukubali. Moyo wangu uliruka! Nikajua yule mama amezungumza na wazee, wamepata njia. Nikakimbilia kabati.

"Maji ya kunawa," alisema.

Nikamletea beseni na sabuni. Akanawa hadi viwiko, taratibu, kila kidole. Maji yakageuka mekundu ya tope. Na harufu ya mwarubaini ikapanda... Hapo mtu mwenye akili angefunga mlango. Mimi nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na tumaini, na hivyo viwili vikikutana kichwani huoni kitu.

Akapokea kitabu kwa mikono miwili. Akakifungua palepale mlangoni. Akainyoosha pembe ya kwanza kwa kidole gumba, akaipapasa.

Chumbani, Jairus akashusha pumzi. "Aaah..."

Pembe ya pili.

"Mama Mitchel," Jairus akaita. "Sikio imeachilia."

Mgeni akapitisha kiganja kwenye ukurasa wenye duara, kisha kwenye mistari, mmoja mmoja. Akapitisha kwenye mgongo wa kitabu, juu hadi chini. Nikasikia kitanda kinalia, na sauti ya mume wangu, ile ya zamani, yenye kicheko ndani yake.

"Naketi! Njoo uone! Nimeketi mwenyewe!"

Nilicheka na kulia pamoja. Nilitaka kukimbilia chumbani, lakini mgeni hageuziwi mgongo mlangoni, tena mgeni kama huyo.

Yeye akakitazama kitabu mara ya mwisho, akaridhika.

Akakifunga.

Polepole, kwa mikono yote miwili.

Kule chumbani kukawa kimya. Nikafikiri Jairus amelala, maskini, usingizi wa mtu aliyepona. Nikamtoa mgeni mpaka njiani, kisha nikarudi mbio.

Jairus alikuwa chali, amenyooka. Masikio mazima. Kifua safi, hakuna duara wala mstari. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na mgumu, mkono wa mtu aliyekufa tangu jana.

Kwenye mazishi kila mtu alisema amelala vizuri. Maximilla alikuja, nikamvuta pembeni nikamuuliza ni nani alimtuma kwangu. Akasema hajatuma mtu. Akaniuliza kama mgeni alinawa mikono. Nilipomjibu, alivaa viatu akaenda, chakula hakukigusa.

Nyumba imebaki na mimi, na rafu yangu ya vitabu vilivyovalishwa kalenda. Giza likiingia naweka komeo, nakaa nimeuelekea mlango. Kwa sababu nilimsindikiza vizuri, kama nilivyofunzwa nyumbani. Nilimshika mkono, nikamwambia asante sana mzee wangu, Mungu akubariki, karibu tena.

Akasema atakuja.