Droni Isiyo na Betri

Haya yalimkuta rafiki yangu, mwongoza ndege, ambaye tangu tumzike dada yake hajakanyaga tena kazini.

Alasiri ile wingu zito lilikuwa limeufunika uwanja. Chumba cha rada kilikuwa na giza lake la kawaida, pasipo mwanga ila wa skrini. Ndege aliyopanda dada yake ilikuwa ikishuka kutua, mara nukta ya droni inayopeleka damu hospitalini ikachomoza mbele yake, ikipanda. Rafiki yangu akamwita mrusha droni, mume wa dada yake, aliyekuwa chumba cha pili.

"Shemeji, teremsha mdudu wako! Mkeo yumo kwenye ndege ile!"

Shemeji akaingia mbio, betri kaikumbatia. "Mdudu gani? Acha utani, shemeji! Leo sijairusha, betri yake si hii hapa?"

Rafiki yangu akamwamuru rubani ageuke kulia. Kwa kanuni yao, agizo la redioni hurudiwa neno kwa neno na aliyelipokea. Rubani akalirudia, akageuka. Nukta nayo ikageuka.

Akajaribu lililobaki. "Droni, shuka sasa hivi!"

Spikani ukavuma upepo mkali, upepo wa juu kabisa angani, na ndani yake sauti ikajibu kwa utulivu, "Droni, nashuka sasa hivi."

Nukta ikazidi kupanda. Sauti ilikuwa ya shemeji yake, na shemeji yake alikuwa kando yake, midomo ameifumba.