Mzabuni wa Tatu

Daftari la kupokelea zabuni lilikuwa na sahihi mbili. Sanduku lilipofunguliwa, zikatoka bahasha tatu.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mwanamke aliyelishika daftari. Kazini walimwita Mama Taratibu, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa afisa ununuzi wa shirika lile kwa miaka tisa, na kwake kalamu haikununuliwa bila barua, barua haikwenda bila namba, na ole wake aliyemletea risiti iliyokunjwa. Watu walimtania, lakini walimwamini. Mwenyekiti wa kamati ya zabuni alizoea kusema, "Mimi nasaini pale Mama Taratibu aliposaini." Na alisaini kweli, bila kusoma.

Siku hiyo ilikuwa zabuni ya vitanda arobaini vya wodi ya wazazi, mradi mkubwa kuliko yote waliyowahi kukabidhiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, chai iko mezani. Mwenyekiti akafungua kufuli lake la sanduku, mhasibu akafungua la kwake. Injinia akaingiza mkono, akatoa bahasha ya kwanza, akatoa ya pili, kisha akakunja uso.

"Hii nyingine imelowa nini?" akauliza, akaitoa na kufuta vidole kwenye suruali.

Mama Taratibu akaitazama. Nembo iliyokuwa juu ya bahasha ile aliichora yeye mwenyewe.

Hapa inabidi tumsemee, maana mwenyewe asingesema. Kanuni ya shirika ilitaka kila ununuzi uwe na bei za wazabuni watatu. Miaka saba nyuma, mkurugenzi akiwa amesimama mlangoni anadai faili, yeye alikuwa na bei mbili tu. Basi akamtunga wa tatu. Akampa jina la kampuni, akampa sanduku la posta na namba ya kiwanja, akamchongeshea muhuri, akamwekea sahihi kwa mkono wa kushoto. Bei akaipandisha kidogo ili ashindwe. Hakula rushwa wala hakuiba hata pini. Alitaka faili lipendeze, basi. Lakini mchezo ukanoga. Kila bei ya tatu ilipokosekana alimwita yule yule, naye akaja, akasomwa mbele ya kamati, akashindwa, akarudishwa drooni.

Safari hii aliapa kutomwita. Mzabuni mmoja wa kweli alijitoa dakika za mwisho, naye akajiandaa kuiambia kamati kwamba wamebaki wawili, zabuni itangazwe upya. Hata ule muhuri alikwisha kuuchoma moto nyuma ya nyumba yake. Na sasa alama yake ilikuwa juu ya bahasha, zambarau, haijakauka.

"Huyu tunamjua," mhasibu akasema huku anacheka. "Kila mwaka analeta bei, maskini wa Mungu, hajawahi kuambulia hata misumari."

"Leo kapania," Injinia akasema akisoma karatasi. "Bei yake imewaangusha wenzake wote."

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama Taratibu, una neno?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: hayupo, nilimtunga mimi. Akawatazama wale watu waliosaini bila kusoma kwa ajili yake, uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Sina neno, mwenyekiti. Tufuate taratibu."

Tangu siku hiyo ofisi yake ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya wino mbichi, na chini ya wino kulikuwa na harufu ya chumba ambacho hakijafunguliwa miaka. Akafungua madirisha, akapigisha deki mara mbili, wapi. Kisha zikaja sauti. Mchana kweupe, watu wanapita koridoni na kuulizana habari za nyumbani, ndani ya kabati lake la faili lililofungwa kwa ufunguo kulisikika dap, kimya, dap, kimya, kama karani asiye na haraka anayegonga mihuri. Akilifungua hakuna kitu. Ila faili za miaka saba, kila ukurasa aliouandika kwa ajili ya yule wa tatu, zilikuwa zimelowa wino mpya unaochuruzika hadi vidoleni.

Taratibu zilitaka mzabuni akaguliwe kabla ya kupewa kazi: mtu aende akaone kama ana ofisi na karakana kweli. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Taratibu. Hakuthubutu. Akamtuma mtunza stoo, mume wa mdogo wake, mtu mpole ambaye angeweza kukuhesabia rundo la mabati kwa macho tu. Akajipa moyo: shemeji ataenda, atakuta hakuna kitu, atarudi kusema hakuna, na mambo yataisha bila mimi kufungua mdomo. Aibu humfanya mtu kuwa mwoga namna hiyo, akawa anatafuta mdomo wa mwenzake wa kusemea ya kwake.

Shemeji akarudi saa nane mchana. Fomu ilikuwa imejazwa yote.

"Umeiona?" akamuuliza kwa kunong'ona.

"Nimeiona, shemeji. Ipo kati ya lile gereji na lile ghala la saruji. Nimepita pale miaka yote, sijawahi kuona mlango. Leo mlango upo." Alikuwa akigeuka kuangalia nyuma kila baada ya neno. "Ndani pazuri. Vitanda vimepangwa, vyeupe, vipya. Lakini shemeji, kila kitanda kina mtu kalala, kafunikwa shuka mpaka kichwani. Nikahesabu, nikahesabu tena. Mimi, shemeji! Hesabu ikagoma kukaa."

"Na mwenyewe je?"

"Alinipa mgongo. Anaandika tu, kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza, mama hajambo? Nikamwambia, mama yupi? Akasema, huyo aliyenizaa kwa karatasi. Mwambie miaka saba ananipeleka mbele za watu nikachekwe, mbona hajawahi kunionea huruma?" Akafungua kiganja. Katikati palikuwa na muhuri wa zambarau, unang'aa kwa umajimaji. "Tulipoagana alinipa mkono. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa mafuta ya taa. Hautoki."

Kesho yake shemeji hakuja kazini. Mdogo wake Mama Taratibu akapiga simu analia, na dada mtu alipofika pale nyumbani, jua likiwa la utosi na majirani wanaanika nguo uani, alimkuta shemeji yake amelala macho wazi, mwili baridi kama sakafu, midomo inakwenda bila kupumzika, akizisoma bei za saruji na za viti na za mabomba na za rangi, zote za miaka saba, mwaka kwa mwaka na tarehe kwa tarehe, kwa sauti isiyo yake, sauti ya mtu aliyechoka kusomwa na kukataliwa, na ile zambarau ya kiganjani imepanda mishipa imefika kwenye kiwiko. Daktari alikwisha kuja, akapima kila kinachopimika, akaondoka anatikisa kichwa.

Wakamwita fundi cherehani mmoja wa mtaa wa pili, mama mnene mwenye miwani na tepu ya kupimia shingoni, ambaye watu walijua kwamba anasemezana na majini kama anavyosemezana na wateja wake, yaani bila kubembeleza. Akakinusa kiganja cha mgonjwa, akamtuma mke akachemshe maji, akafunga mlango.

"Jini huyu si wa ukoo wowote ninaoujua," akasema polepole. "Hana bahari, hana pango, hana jabali. Kuna mtu kaandika jina lisilo na mwenyewe, akaliita tena na tena, mpaka mmoja wao akalivaa. Ni wewe?"

Mama Taratibu akaitikia kwa kichwa. Macho hakuweza kuyainua.

"Nichinje nini, mama?"

"Huyu hali nyama. Anakula hicho unachokificha, ndicho kilichomnenepesha. Nenda kwa watu walewale waliosomewa jina lake, sema hayupo, na umtaje aliyemtunga. Mchana, kwa sauti, wote wasikie."

"Nitafukuzwa, mama. Nitatazamwaje? Nifanyie dawa yoyote, tafadhali."

"Dawa ndiyo hiyo niliyokupa, mwanangu." Fundi akainuka, akanyoosha sketi yake. "Mkono umeshaisha nusu. Hiyo zambarau ikifika moyoni kesho kutwa, msiniite tena."

Basi akaomba kikao cha dharura kesho yake, saa tano. Akavaa suti yake ya kijivu, akajikaza, akaingia. Wote walikuwapo: mwenyekiti, mhasibu, Injinia. Upande wa pili wa meza kulikuwa na kiti kimoja kitupu kilichovutwa nje, na mto wake ulikuwa umebonyea, umebonyea sana, kama umekaliwa na mtu mzito, na hakuna aliyekiona ila yeye. Harufu ya wino ilikuwa nzito hadi macho yakamwasha.

"Ndugu wajumbe," akaanza, "kampuni hii mnayotaka kuipa kazi haipo. Haijawahi kuwapo."

Injinia akaivuta ripoti ya ukaguzi, akaipiga kofi.

"Haipo? Na hii je? Mtunza stoo kaandika kaiona kwa macho yake, kapokewa, kapewa mkono! Aa, sasa naelewa. Ndiyo maana kaugua ghafla. Kaitunga yeye, atupige vitanda arobaini. Ni yeye, siyo, Mama Taratibu?"

Jozi tatu za macho zikamgeukia, na ndani ya macho hayo hakukuwa na shaka hata chembe juu yake, bali ile imani ya miaka tisa, safi, imetulia, na yeye akaiona mbele yake nafasi iliyofunguliwa na mtu mwingine, nyembamba, ya neno moja tu, hata si neno alilolitafuta, na akawaza kwamba shemeji amelala hajitambui na hatasikia, kwamba jini litakuwa limeshakanwa hata hivyo, kwamba baadaye, mambo yakipoa, atarekebisha, atamtafutia kazi nyingine nzuri zaidi, na wakati anawaza hayo yote aliona mto wa kile kiti ukiinuka taratibu, kana kwamba aliyekikalia ameegemea mbele asikie vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Harufu ikakatika papo hapo. Mhasibu alipochukua ile karatasi ya bei, aliikuta nyeupe pande zote mbili. Simu ya Mama Taratibu ikalia.

"Dada, ameamka!" mdogo wake alikuwa akipiga kelele. "Anaomba maji! Mkono umetakata kabisa, dada!"

Akalia machozi pale pale, na wajumbe wakadhani analilia aibu ya ndugu yake. Mwenyekiti akamsifu kwa uadilifu, kwamba hakumwonea haya hata shemeji. Barua ya kumfukuza kazi mtunza stoo ikaandikwa siku ile ile, ina namba, ina nakala tatu. Aliyeiandika ni yeye. Akabaki na ladha ya wino mdomoni, kama amelamba muhuri, akanywa maji glasi mbili, haikuondoka.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, mdogo wake na mumewe wakamtembelea. Shemeji alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti.

"Shemeji, kazi siitaki tena," akasema. "Ila watoto wanaambiwa shuleni kwamba baba yao tapeli. Na mimi tangu ile homa kichwa changu kimevurugika, siku zile sizikumbuki kabisa. Wakati mwingine nasema, labda kweli nilifanya."

"Hukufanya!" mke wake akamkata. "Miaka kumi na mbili nakujua." Akamgeukia dada yake, akamshika mikono yote miwili. "Dada, wewe ndiye mwenye mafaili. Mimi wengine siwasikilizi. Nitazame usoni uniambie nani aliitunga ile kampuni. Ukisema si yeye, yatosha, sitauliza la pili."

Mama Taratibu akamtazama mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga vifungo vya sare yake, na aibu ikamjaa mpaka ikampita kimo, na ilipompita akajikuta hana tena cha kuogopa. Wamfukuze. Wamcheke barabarani. Akakata shauri, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba kifua chake kikawa chepesi. Akafungua mdomo aseme, ni mimi.

Lakini jibu lilikuwa limeshatoka. Lilitoka kooni mwake na ile ladha ya wino, kabla ulimi haujainuka, kwa sauti yake mwenyewe, ya upole na isiyo na haraka.

"Ni mumeo, mdogo wangu. Nilitamani nikufiche."

Mdogo wake akamwachia mikono. Shemeji akateremka kutoka kwenye kochi, akapiga magoti mbele ya mke wake, akasema, "Basi nisamehe, mama watoto. Nisamehe." Na Mama Taratibu, machozi yanamtiririka, mdomo wazi hauwezi kufungika, akaisikia ile sauti ikiendelea kuwafariji wote wawili.