Kanisa la Mtu Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Keren alikata majani ya mchaichai nyuma ya jikoni, akayachemsha, na kuyamimina katika termosi ya bibi yake. Watu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, huuita mchaichai sitronele, na bibi huyo, Koko Adèle, hakunywa kitu kingine cha moto. Chai hakuinywa. Kahawa hakuigusa. Pombe ndiyo usiseme. Alikuwa muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni, na katika kanisa hilo vinywaji hivyo vimekatazwa.

Kukataa kahawa mjini Butembo si jambo dogo. Kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi, na mgeni akikataa kikombe, mwenye nyumba huuliza kama amemkosea. Koko Adèle aliwatembelea watu huku termosi iko kwapani. Kikombe cha kahawa kikiletwa, alishukuru, akakisogeza pembeni, akajimiminia chake. Mtaa mzima wa Mususa ulimcheka. Watoto walimwita Mama Termosi. Keren, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliona aibu. Walipokwenda sokoni pamoja, alitembea nyuma kidogo ili watu wadhani hawajuani.

Maisha ya Koko yalikuwa marefu. Alizaliwa Alimbongo, kwa wazazi Wakatoliki waliolima viazi. Aliolewa, akamfuata mume wake Lubumbashi, na huko ndiko alikobatizwa katika kanisa lake akiwa tayari mama wa watoto wawili, Zorobabel na Joyeuse. Mume alipofariki, alirudi Butembo na watoto wake. Wakati huo hapakuwa na kanisa lake mjini, wala mtu mwingine wa imani yake.

Mtu mwingine angejiunga na majirani, yakaisha. Koko Adèle hakuwa mtu mwingine. Kila Jumapili alivaa blauzi yake nyeupe, akafagia sebule, akapanga viti vitatu, akaimba, akaomba, akasoma Kitabu cha Mormoni kwa sauti. Mkate wa sakramenti hakuula, kwa sababu hapakuwa na mwenye ukuhani wa kuubariki. Joyeuse aliketi akasikiliza. Zorobabel alitoroka kupitia dirishani kwenda kucheza mpira. Waliopita nje walisimama, wakachungulia, wakaangua kicheko: "Kanisa ya mutu mumoja!" Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Waumini wengine walipofika mjini na kukodi chumba cha kusalia, Koko alikuwa mzee wa kutembea polepole. Siku alipoupokea ule mkate tena, alilia mbele ya watu bila kujifuta.

Alipougua kwa mara ya mwisho, alimwita Keren kitandani.

"Mutoto yangu, siku nitakufa, batu batasema mingi. Bengine batanipaka mafuta ya uongo. Weye useme tu ile uliona."

"Ndiyo, Koko," Keren alijibu.

"Uniambie tena."

"Nitasema ile niliona, Koko."

Baada ya siku chache Koko Adèle alifariki, na Zorobabel akafika kutoka Beni.

Tumjue vizuri huyu Zorobabel. Alikuwa mfanyabiashara wa mabati, na Beni si Ulaya. Mtu akitoka huko asubuhi anaweza kula chakula cha mchana Butembo. Lakini kila mwaka Zorobabel alikuwa na sababu mpya ya kutokuja kumwona mama yake: mara barabara mbaya, mara vita, mara mvua, mara malaria. Ajabu ni kwamba mabati yake yalipita barabara ileile bila kuugua malaria hata siku moja. Sasa alishuka garini akiomboleza kwa sauti iliyosikika hadi mtaa wa pili, kisha akajitupa chini kwa uchungu. Lakini kwanza alichagua mahali pasipo na matope. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lilikuwa limevaa suti.

Kabla ya jioni alikuwa amekamata matanga yote mkononi. Alikodi vipaza sauti. Alikodi viti vyenye vitambaa vyeupe na kuviweka mstari wa mbele kwa ajili ya wageni wake. Joyeuse, mama yake Keren, alikuwa ndani na wanawake waliokuja kumfariji, hakuulizwa neno. Kisha Zorobabel alimwita Keren pembeni.

"Nasikia unasoma muzuri kushinda bote mu classe yenu. Ni weye utasoma historia ya Koko. Nimeshaandika."

Keren aliipitishia macho karatasi ile, akaisoma tena, akainua uso kumtazama mjomba wake.

"Tonton, lakini hapa hapana kanisa yake. Mumeandika alikuwa kiongozi ya kwaya ya parokia."

"Na shida iko wapi?" Zorobabel alishusha sauti. "Bafanyabiashara bakubwa ba Beni banakuya. Banataka kunichagua président wao. Baniulize mama yako alikuwa anasali wapi, nijibu nini? Mu salon ya nyumba? Peke yake, sawa mutu wa kichwa mubaya?"

"Koko aliniambia niseme..."

"Koko amekufa. Sikia. Ukisoma hii muzuri, mwezi wa tisa unaenda na miye Beni. Utaingia masomo yenye kuwa na ma-ordinateur. Utakuwa na chumba yako peke yako. Donc, unakubali?"

Keren alilala chumba kimoja na mama yake na magunia ya maharagwe. Kompyuta alikuwa ameiona mara moja tu, imezimwa, kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Aliiangalia karatasi, akamwangalia mjomba.

"Ndiyo, Tonton," alisema.

Msomaji asimcheke. Kuna watu wazima, wenye mvi na vyeo, waliouza makubwa kuliko hayo kwa bei ya chini zaidi.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Jeneza liliwekwa chini ya turubai. Mbele kabisa waliketi wakubwa wa Beni, miwani myeusi usoni, wakipepea inzi na kutazama saa zao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona marehemu. Waumini wenzake Koko, watu wachache waliovaa mashati meupe, walikuwa wamesogezwa pembeni karibu na jikoni, kwa sababu Zorobabel alisema wanaharibu mpangilio. Nyuma walisimama watu wa Mususa, wale wale waliomcheka Koko miaka yote. Leo walikuwa na leso mkononi na kila mmoja alidai kuwa rafiki yake mkubwa. Kuna watu ambao hawana rafiki kama maiti, maana maiti hawezi kuwakana.

Keren alipewa kipaza sauti. Akaanza kusoma.

"Marehemu Mama Adèle alikuwa nguzo ya kwaya ya parokia tangu ujana wake."

Mama mmoja wa kwaya hiyo alimgeukia mwenzake, akapandisha nyusi. Mazishini watu huvumilia.

"Mwanawe mpendwa, Zorobabel, hakukosa kumtembelea na kumhudumia."

Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa zaidi. Zorobabel aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, kama anayepokea medali.

"Nyumba yake ilikuwa wazi kwa wote. Kila mgeni alipokewa kwa kahawa nzito, na marehemu mwenyewe alikunywa naye kikombe cha kwanza."

Kisha mzee mmoja nyuma, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka na kwa hiyo aliongea kwa sauti kubwa, akauliza: "Kahawa? Adèle? Adèle gani?"

Kicheko kikapasuka. Kilianza kwa vijana, kikawafikia wanawake waliojificha nyuma ya leso, kikasambaa uwanja mzima. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, mbele ya jeneza. Wakubwa wa Beni waligeuka huku na huku wakiuliza kuna nini. Na Zorobabel? Zorobabel alitabasamu! Alidhani watu wamefurahia ukarimu wa mama yake. Mtoto aliyetoka katika tumbo la mwanamke yule hakukumbuka hata mama yake alikuwa anakunywa nini. Aliandika kahawa kwa sababu ndivyo wanavyosifiwa mama za watu, na sifa za mama yake aliziokota tu katika sifa za mama wengine.

Keren hakucheka. Aliona mama yake amejifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka, na hakuwa anacheka. Kicheko kile Keren alikijua vizuri. Ndicho kilichokuwa kikipita dirishani kila Jumapili. Tofauti ni kwamba leo hakikuja chenyewe. Yeye ndiye aliyekiita, kwa kipaza sauti. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau mtu anaweza kuacha kumwaga.

Akaikunja karatasi.

"Munisamehe," alisema. "Ile nimesoma ni uongo."

Zorobabel aliruka. "Soma karatasi! Keren! Soma vile imeandikwa!"

Mama Hadidja, jirani Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni, alisimama katikati ya wanawake. Hakuwa mwanamke mwembamba, na aliposimama watu walimwona. "Tonton ya Beni, ikala," alisema. "Acha mutoto aseme. Weye umeshasema, na sisi bote tumecheka."

Zorobabel akaketi.

"Koko hakukunywaka kahawa," Keren alisema. "Munajua bote. Kanisa yake ilikataza, na yeye alitii. Alikuwa Mumormoni. Hapa Butembo alikuwa peke yake. Kila siku ya Mungu, Jumapili, alipanga viti vitatu, akaimba. Mulimucheka. Hakufunga hata dirisha. Kila mwezi, siku ya Mungu ya kwanza, alikuwa anafunga. Hakukula, lakini alipika. Ile chakula yake alipelekea batu benye njaa. Bale balikimbia vita Eringeti bakalala mu ma-classe ya masomo, alibabebea sufuria kwa kichwa, na alikuwa muzee. Miye nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nyuma sana, sababu niliona haya kutembea naye."

Hapo alilia, na hakuna aliyemharakisha.

"Koko alikuwa peke yake na hakuficha kanisa yake. Miye niko na batu bote hawa, na nimemuficha. Ndiyo ile niliona. Nimemaliza."

Yule mzee wa nyuma alivua kofia. Mama mmoja aliyevaa kitenge kilichochakaa, mkimbizi wa Eringeti, alisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Tulikula ile chakula." Waumini wenye mashati meupe wakasogea kutoka jikoni mpaka kwenye jeneza bila kuomba ruhusa ya mtu, wakaanza kuimba wimbo ambao Koko alikuwa akiuimba peke yake sebuleni. Wengi wa Mususa waliujua. Miaka mingi ya kuchungulia dirishani ilikuwa imewafundisha. Wakauitikia.

Mkubwa mmoja wa Beni alivua miwani, akamgeukia Zorobabel. "Collègue, weye hukujua mama yako hanywi kahawa?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Zorobabel haikufika hata mwisho wa ukurasa.

Baada ya mazishi aliingia garini bila kumuaga Keren. Habari za shule ya Beni hazikutajwa tena, wala hazikuhitaji kutajwa. Jioni Keren alisaidia kuosha masufuria uani pamoja na Mama Hadidja, na machozi yake yaliingia katika maji ya sabuni.

"Unalilia Koko ao unalilia Beni?" Mama Hadidja aliuliza.

Keren alifikiri kwanza. "Bote mbili, Mama."

"Ni sawa. Kitu ya kupoteza inauma. Ukiniambia haiumi, nitajua unaanza tena uongo." Mama Hadidja alisugua sufuria kwa jivu, kisha akasimama. "Keren, nikuambie. Batu ba hapa balimucheka Adèle akiwa muzima. Ile ni kuzarau, na Mungu atabauliza. Lakini mwenye kumusifu na uongo amemuzarau kushinda, sababu anamuambia: maisha yako haikutosha, ngoja nikutafutie ya mutu mwingine. Heshima ya mutu ni kumusema vile alikuwa. Hata kama ni mutu moja tu ndiye atasema."

"Na miye, Mama? Miye pia nilimuzarau?"

Keren alitumaini kwamba jirani yake angemwambia hapana. Watu wazima wengi wangesema hapana, wampapase kichwa, mambo yaishe.

"Ndiyo," alisema Mama Hadidja. "Ulimuzarau mbele ya batu, na mbele ya batu balebale ukatengeneza. Tonton yako alipata nafasi sawa na yako, yeye akaingia mu gari akaenda. Sasa lete ile sufuria ingine."