Sindano ya Kitanda cha Kumi na Nne

Katika likizo ya Agosti mwaka wa 2007, Joan aliamka kila siku kabla ya jua kuchomoza. Alikoroga uji wa wimbi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akapitia nyuma ya soko la Bungoma hadi hospitalini. Huko alimpangusa nyanyake uso kwa kitambaa cha maji moto, akamnywesha uji na kumsimulia habari za nyumbani.

Joan alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita kule Kitale. Nyanyake, ambaye wajukuu wote walimwita Kukhu kwa Kibukusu, alikuwa mkulima wa Bumula. Alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa nimonia. Shangazi Jentrix, ambaye Joan alilala kwake, alifanya kazi posta na hakuweza kushinda hospitalini. Basi wazazi wa Joan walimtuma akamtunze mgonjwa. Joan alijivunia kazi hiyo, na wauguzi walimzoea.

Jumanne ya wiki ya pili, wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Wagonjwa walikuwa thelathini na mmoja, wengine wakilala kwenye magodoro sakafuni. Wauguzi watatu waliozoeleka hawakuwepo. Mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa likizoni, na wa tatu alikuwa ameitwa haraka kwenye chumba cha kujifungulia. Badala yao aliletwa muuguzi mmoja kutoka wodi ya watoto, Sista Chepkemei. Hakumjua mgonjwa hata mmoja kwa sura. Alikwenda kitanda hadi kitanda bila kupumzika, mkono mmoja ukisukuma toroli ya dawa na mwingine ukishika kalamu.

Kukhu alilala kitanda cha kumi na tatu. Kitanda cha kumi na nne, kilichokuwa chini ya dirisha, kilikuwa cha Mama Jerono, mkulima kutoka miteremko ya Mlima Elgon aliyeugua kisukari.

"Baridi ya dirisha hili inaniingia mpaka kwa mifupa," Mama Jerono alilalamika.

"Na mimi hapa nakosa hewa," Kukhu akasema huku akikohoa. "Si tubadilishane tu?"

Joan alimtafuta Sista Chepkemei kwa macho. Alikuwa mwisho wa wodi, ameinama juu ya mgonjwa aliyekuwa akitapika.

"Tungoje kwanza tumwambie sista," Joan akasema.

"Ni vitanda tu, mtoto wangu. Nani atakasirika?" Mama Jerono akajibu, tayari amekwisha kuteremsha miguu.

Joan alimshika Kukhu mkono, akamsogeza hadi dirishani. Akahamisha mablanketi, vikombe na kandambili. Miguuni pa kila kitanda palining'inia kadi yenye jina la mgonjwa na dawa zake. Joan alizitazama kadi zile. Alitaka kuzibadilisha, lakini ukutani palikuwa na tangazo lililoonya wageni wasiguse karatasi za hospitali. Akaziacha. Aliazimia kumwambia sista akipita, kisha akachukua vikombe, akaenda kuviosha kwenye bomba la nje. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu, na azimio lile likamtoka kichwani.

Aliporudi, sindano za asubuhi zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Baada ya saa moja hivi, Kukhu alianza kutokwa na jasho. Mikono yake ilitetemeka. Alimkodolea Joan macho kana kwamba anamwona kwa mbali.

"Nasimiyu," alisema, "umefunga ng'ombe?"

Joan alishangaa. Nasimiyu alikuwa dada yake Kukhu aliyefariki kabla Joan hajazaliwa.

"Kukhu, ni mimi, Joan."

"Funga ng'ombe, mvua inakuja," Kukhu akasisitiza. Kisha kichwa chake kikaanguka upande.

Joan alikimbia kumwita sista. Sista Chepkemei alifika, akamgusa Kukhu shingoni, akatuma aitwe Daktari Kibiwott. Daktari alimchoma Kukhu kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo.

"Sukari imeshuka sana," akasema. "Amepewa nini?"

Sista Chepkemei alisoma kadi iliyoning'inia kitandani. "Insulini, saa mbili. Ni mgonjwa wa kisukari."

Walimtundikia maji ya glukosi. Dakika zilipita, nazo zilikuwa ndefu. Hatimaye Kukhu alifumbua macho vizuri, akaona watu wamemzunguka.

"Mama Jerono, unajisikiaje sasa?" Daktari Kibiwott akamuuliza.

"Jerono?" Kukhu akasema kwa sauti dhaifu. "Mimi si Jerono."

Sista Chepkemei alitazama kadi, akatazama uso wa Kukhu.

"Daktari, ni mimi niliyemdunga," akasema. "Nimempa dawa ya mtu mwingine."

Mama Jerono naye alipimwa. Dawa ya Kukhu aliyopewa haikumdhuru, lakini sukari yake ilikuwa imepanda kwa kukosa sindano yake, akapewa dawa mara moja. Kisha aligeukia ukuta, akajifunika blanketi hadi kichwani. Kukhu hakukumbuka lolote la asubuhi ile. Kila mtu alidhani kwamba sista alizichanganya kadi. Hakuna aliyemuuliza Joan kitu, na Joan hakusema kitu.

Shangazi Jentrix alifika saa saba, habari zikiwa zimemfikia mlangoni.

"Ati sindano ya mtu mwingine?" akasema. "Mama yangu angekufa! Huyo sista lazima afutwe kazi. Leo leo."

Kichwa chake kilikuwa kama uzi uliotatizwa na paka. Sista ndiye aliyedunga sindano, hilo lilikuwa kweli. Lakini yeye ndiye aliyehamisha wagonjwa. Na waliotaka kuhama ni Kukhu na Mama Jerono, watu wazima. Na tangazo la ukutani ndilo lililomzuia kugusa kadi. Sasa kosa ni la nani? Kila alipompata mkosaji mmoja, mwingine alitokea nyuma yake. Alipokwenda nje kumwaga maji, alimwona Sista Chepkemei kwenye kibaraza cha ofisi ya metroni, mkuu wa wauguzi, akiandika taarifa huku machozi yakidondokea karatasi. Joan alirudi ndani upesi.

Tangu Jumatatu, mwanamke mmoja mrefu aliyeitwa Bi. Chelangat alikuwa akikaa kwenye kona ya wodi na daftari. Alihesabu wagonjwa, akahesabu wauguzi, akatazama saa na kuandika. Wagonjwa walinong'ona kwamba alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kuwapeleleza wauguzi. Asubuhi ile hakuwepo wodini, lakini alasiri alikuja kuketi karibu na Joan.

"Pole kwa yaliyompata nyanya yako," alisema. "Nimesikia unatoka Kitale. Mimi nimetoka huko mwezi uliopita. Kuna hospitali nilikokuwa nikifanya kazi hii hii."

"Madam, wewe ndiye utamfuta sista?" Joan akauliza.

"Mimi simfuti mtu. Ni mtafiti. Hospitali zote hukosea, zile kubwa na zile ndogo. Mimi huchunguza jinsi kosa linavyopita hadi kumfikia mgonjwa, ili njia hiyo izibwe."

Joan hakuelewa. Shuleni, kioo cha dirisha kikivunjika, mwalimu huuliza neno moja tu: nani? Akishapatikana na kuadhibiwa, mambo yamekwisha.

"Lakini si mmejua ni nani?" akasema.

"Tunajua nani alidunga. Hatujui kwa nini sindano iliishia kwa nyanya yako." Bi. Chelangat alifungua daftari. "Sista ameandika kwamba huenda alizichanganya kadi kwa sababu ya uchovu. Basi nasi tutaandika kwamba wauguzi wawe waangalifu zaidi na kadi."

Joan alijua kwamba sivyo ilivyokuwa. Sista hakuwa amezichanganya kadi. Hata kama wauguzi wote wangekuwa waangalifu na kadi, bado Kukhu angedungwa sindano ile. Na kesho, au kesho kutwa, wagonjwa wawili wengine wangeweza kubadilishana vitanda.

"Hakuzichanganya," Joan akasema kwa sauti ndogo.

"Umesemaje?"

"Kadi zilikuwa mahali pake. Ni watu ndio hawakuwa mahali pao. Nilimhamisha Kukhu mimi. Kadi sikuzihamisha. Nilitaka kumwambia sista, halafu nikaenda kuosha vikombe nikasahau."

Machozi yalimtoka. Bi. Chelangat hakumkemea wala hakuandika. Alimngoja amalize kulia, kisha akamuuliza kama angeweza kuyasema hayo tena mbele ya wengine. Joan alitikisa kichwa kukataa. Kisha akamkumbuka sista kwenye kibaraza kile, akasema ataweza.

Jioni waliketi katika ofisi ya metroni: metroni mwenyewe, Sista Chepkemei, Shangazi Jentrix, Bi. Chelangat na Joan. Joan alisimulia yote.

Shangazi Jentrix alimtazama kana kwamba hamjui. "Na mimi tangu saa saba namtukana mtoto wa wenyewe," akasema. "Joan, kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa, Shangazi."

Joan alitazamia kwamba sista angefurahi, kwa kuwa sasa hakuwa na hatia. Lakini Sista Chepkemei alitikisa kichwa.

"Asante, Joan, kwa kusema. Hata hivyo, nilipaswa kumuuliza mgonjwa jina lake kabla ya kumdunga. Tulifundishwa hivyo. Nilikuwa na watu thelathini na mmoja, nikaamini kadi kuliko mtu."

Sasa Joan alichanganyikiwa kabisa. "Kwa hivyo kosa ni la nani?" akauliza.

Metroni ndiye aliyemjibu.

"Hata mimi nimo," akasema. "Mimi ndiye niliyemwacha muuguzi mmoja mgeni na wodi nzima."

Kabla usiku haujaingia, walikuwa wameafikiana. Kila mgonjwa angebandikwa plasta kwenye kifundo cha mkono, iliyoandikwa jina lake, ili jina limfuate popote alalapo. Muuguzi angemuuliza mgonjwa jina na kusoma plasta kabla ya kutoa dawa yoyote. Na wageni wangeelezwa wasihamishe mgonjwa bila kumwambia muuguzi. Kuhusu uchache wa wauguzi, metroni hakuahidi kitu, ila Bi. Chelangat alisema kwamba hesabu zake zitaonyesha jambo hilo waziwazi kwa wakubwa wa afya.

Sista Chepkemei hakufutwa kazi. Shangazi Jentrix alimshika mkono, akamwomba radhi mbele ya wote. Joan naye alikwenda kitandani kwa Mama Jerono, akamwambia kwamba amekwisha kusema. Mama Jerono aliteremsha blanketi usoni.

"Umenitua mzigo, mtoto wangu," akasema. "Mimi mtu mzima nilishindwa kufungua mdomo."

Ijumaa Kukhu aliruhusiwa kwenda nyumbani. Shangazi alipokwenda kuchukua dawa, Joan alimkuta Bi. Chelangat akifunga mkoba wake.

"Madam, bado sijaelewa kitu kimoja," Joan akasema. "Kama kosa ni la watu wengi, mbona mimi bado nasikia uchungu?"

"Kwa sababu sehemu yako ilikuwa yako kweli," Bi. Chelangat akamjibu. "Ulihamisha mgonjwa bila kusema, na ulinyamaza alipolaumiwa mtu mwingine. Usizisahau hizo mbili. Lakini pia kumbuka hili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa nalo ni hivyo hivyo. Kosa likisemwa mapema, watu hukaa chini wakalitengeneza. Likifichwa, haliondoki wodini. Hukaa pale pale likimngojea mgonjwa anayefuata."

Joan alitazama ndani ya wodi. Kitandani chini ya dirisha tayari alikuwa amelazwa mgonjwa mpya, msichana wa rika lake. Sista Chepkemei alikuwa ameinama kando yake, toroli ya dawa ikiwa nyuma.

"Niambie jina lako kamili," sista alikuwa akisema, na kabla ya kugusa sindano, akangoja ajibiwe.