Kikohozi cha Ryoba

Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, Nyanungu iliamka na ukungu mzito na baridi ya kung'ata masikio. Agustina alikuwa akifagia uani aliposikia mdogo wake, Ryoba, akikohoa ndani ya nyumba ya bibi. Moyo ukamchoma, lakini si kwa huruma. Tangu utotoni yeye ndiye aliyelala kwa bibi, kando ya moto, akisimuliwa hadithi. Baada ya Pasaka nafasi hiyo akapewa Ryoba.

Mama akatoka amejifunga kitenge cha safari. "Tunampeleka kwa mzee Simioni akamkate kimeo. Kikohozi hiki kimezidi."

Agustina aliangusha ufagio. Mtoto wa jirani alikatwa kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni, akavuja damu nusura afe.

"Mama, ni moshi! Alipolala kwa shangazi kule Susuni hakukohoa kabisa!"

"Haya, ameanza," bibi akacheka. "Juzi ulisema ananikojolea kitanda. Jana, eti anakoroma. Leo moshi! Mimi nimezeeka na moshi huo. Sema tu unataka kitanda changu."

 Ni kweli Agustina aliyasema hayo ya juzi na jana, na yalikuwa ya uongo; ya moshi hayakuwa. Akaomba kimoyomoyo: "Ee Mungu, waniamini leo tu." Kisha akapiga magoti.

"Bibi, nilimwonea wivu Ryoba. Kitanda sikitaki tena, hata mkinipa. Ila mpelekeni kwanza hospitali."

Bibi akamwinua. "Mama Ryoba," akamwambia mkwewe, "twende hospitali."

Huko, Daktari Filemoni alimpima Ryoba uzito, akamsikiliza kifua, akauliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayekohoa, na wapi mtoto hukohoa zaidi. Akampima pia kifua kikuu. Majibu yalipotoka, hakuwa nacho.

"Kimeo chake hakina kosa," alisema. "Mwondoeni kwenye moshi. Kikohozi kikiendelea, mrudisheni."

Bibi mwenyewe aliyahamishia mafiga nje. Kabla mwezi haujaisha, kikohozi kilikoma. Jioni moja majirani walikuja kuota moto uani, na Ryoba akakaa amemwegemea dada yake, wakisubiri hadithi.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "wivu ni kama ule moshi wangu. Uliifunika kweli yako, nusura tusiione."

Agustina akasimama mbele ya wote. "Naahidi, mama, bibi na majirani mkinisikia: nikiona wivu, nitasema ni wivu. Sitamsingizia Ryoba tena."